Dirisha Moja Kati ya Sita

Tangu wenzake watano wapunguzwe kazini, katika madirisha sita ya ofisi ya mafao ya ulemavu linafunguliwa la karani mmoja tu. Karani huyu humwita kila mtu kwa jina kamili, hata sauti ikimkauka kabla ya saa nne. Huchovya kidole kwenye sponji, hufunua jalada, hugonga muhuri, husema, "Samahani kwa kukuweka," na chai yake hupoa bila kuguswa. Juzi alimkabidhi mama mmoja barua, uso umemchangamka. "Hongera, mama! Ombi la mzee limekubaliwa." Mama akaisoma taratibu. "Mwanangu, mzee tumemzika mwezi uliopita." Karani akatazama tarehe: jalada lilikuwa limelala miezi minane kwenye meza ya mwenzake aliyeondolewa. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akaketi na yule mama kwenye benchi, akamshika mkono. Foleni ilikuwa imefika nje ya geti, lakini hakuna aliyeguna. Mwishowe mama ndiye aliyemgusa bega. "Rudi dirishani, mwanangu," alisema. "Hawa, wagonjwa wao wangali hai."