Ukuta Baada ya Kona

Mapango yale ya mawe ya chokaa yana waongozaji sita, lakini wageni humtaka Mama Kandili, maana maneno hayamwishi. Huwapitisha pangoni kwanza, kisha kwenye handaki la zamani la wachimbaji, alikofanya kazi marehemu baba yake.

Siku moja mgeni mmoja, mhadhiri wa mambo ya miamba, alimkata kauli mbele ya wenzake.

"Dada, hapa walichimba watu wawili. Alama za tindo zinalalia kulia mpaka kwenye kona, halafu zinalalia kushoto."

"Alikuwa mmoja."

"Wewe umesomea wapi?"

Mama Kandili alijikaza. "Nyumbani, mwanangu. Baba alikuwa wa mashoto. Msimamizi wa kampuni alikaa pale mlangoni, na akimwona kashika nyundo kwa kushoto, anamfokea kama mtoto. Basi mpaka kwenye kona alipiga kwa kulia. Akishaipita kona, haonekani tena, anahamishia nyundo kushoto."

Mhadhiri alimulika ukuta huku, akamulika kule. Upande wa mlangoni ulikuwa umejaa mashimo na vinundu. Baada ya kona ulikuwa laini, umenyooka kama uliopigwa randa.

"Kweli, mama," alisema polepole.

Mama Kandili aliweka kiganja ukutani, akawageukia wageni wote.

"Kule alichimba kibarua wa kampuni. Huku alichimba baba yangu."