Jiwe la Mama Raketi

Majirani walimwita Mama Raketi. Mwanzoni jina hilo lilimuudhi, baadaye akalizoea. Juu ya meza ya chakula, kati ya birika na madaftari ya binti yake, palikaa mashine ndogo ya kuwambia raketi, ile inayokunjwa ikaingia kwenye sanduku la mkononi. Wachezaji wa uwanja wa tenisi uliokuwa jirani walimletea raketi zilizokatika nyuzi, naye akaziwamba huku sufuria iko motoni na redio inapiga kelele.

Mashine yenyewe haikutumia umeme. Ilikuwa na fimbo ya chuma, na kwenye fimbo hiyo jiwe. Ndivyo alivyoliita, ingawa lilikuwa pande la chuma la mviringo, la kilo mbili. Unalisogeza mpaka kwenye alama unayotaka, unabana uzi, kisha unaiachia fimbo ishuke polepole, na uzito wa jiwe ndio unaouvuta uzi. Kazi yote ilitegemea jiwe lisiseme uongo.

Sasa, jiwe hilo liliwahi kuanguka sakafuni, likameguka pembeni. Mumewe, fundi wa kuchomelea, akalichukua kwa madaha. Bwana huyu alikuwa na moyo mzuri na mkono mzuri, ila kitu kikipita kwake hakirudi chepesi. Stuli ya jikoni, tangu aitengeneze, hubebwa na watu wawili. Lango la nyumba humtoa mgeni jasho kabla hajafika mlangoni. Jiwe nalo likarudi limechomelewa, limesuguliwa, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa.

"Hili sasa litatuzika sisi, mke wangu," alijisifu.

Mkewe akacheka, akalirudisha kwenye fimbo. Hakulipima. Nani anapima kazi ya mumewe?

Miezi ikapita. Ndipo binti yao, aliyeanza tenisi tangu raketi ikimzidi kimo, akaanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mama aliona, akajifanya hajaona. Siku mtoto aliposhindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji, akamchukua mbio kwa daktari wa mifupa.

Daktari alikibonyeza kiwiko, mtoto akaruka.

"Raketi yake anaiwamba nani?"

"Mimi mwenyewe, daktari."

"Unakaza sana?"

"Hapana. Alama ni ileile ya siku zote."

Daktari akamwambia mtoto akasubiri nje, kisha akasogeza kiti. "Mama, nyuzi zikikazwa mno huumiza kiwiko. Ingekuwa ni hizo, ningesema apumzike, atapona. Lakini kama nyuzi ziko sawa, uvimbe huu siupendi. Kesho mrudi tupige picha, tuone kuna nini ndani ya mfupa."

Hakuutaja ugonjwa, wala mama hakuthubutu kuuliza. Njiani alimshika binti yake mkono ule mzima, akamkazia vidole.

"Mama, mbona hivyo? Sitoroki."

Nyumbani alikaa mbele ya mashine ili mikono ipate la kufanya. Jicho lake likaangukia pale jiwe lilipochomelewa. Chini ya rangi ile nzuri, chuma kilikuwa kimevimba. Chuma kilichoongezwa kina uzito wake, na uzito ndio unaokaza uzi.

Akakumbuka mambo aliyokuwa ameyapuuza. Mwalimu wa tenisi, mteja wake, siku hizi alikuja amefunga kiwiko bandeji. Mteja mwingine, mzee mmoja wa benki, alilalamika bega, wakacheka pamoja kwamba ni uzee. Hata binti yake mwenyewe aliwahi kumwambia, "Mama, siku hizi ni kama napiga ukuta," naye akamjibu kuwa nyuzi mpya ndivyo zilivyo.

Ni mimi, alijiambia. Nimemlemaza mwanangu kwa mikono yangu. Akalifungua jiwe, akalitumbukiza kwenye mfuko, akatoka na aproni yake bila kuaga mtu. Alikwenda akiomba kimoyomoyo: Mungu wangu, jiwe lisiwe limezidi.

Alipofika kwenye kona akasimama ghafla. Kama jiwe halijazidi, basi nyuzi ziko sawa. Na kama nyuzi ziko sawa...

Akaegemea ukuta wa watu. Hofu aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa ndogo kabisa mbele ya hii. Alipoweza kutembea tena, dua ilikuwa imegeuka. Lizidi. Ee Mungu, lizidi, iwe ni mimi. Bandeji ya mwalimu na bega la mzee, vilivyomtisha muda si mrefu uliopita, sasa aliving'ang'ania na kumshukuru Mungu kwa maumivu ya wenzake, na wala hakuona aibu.

Muuza misumari alikuwa na mizani juu ya kaunta. "Mama Raketi! Leo umeingia biashara ya vyuma chakavu?"

"Nipimie, kaka. Usiniulize kitu."

Akaliweka jiwe juu ya mizani. Mama akafumba macho.

"Kilo mbili," alisema muuza misumari.

Mama akafumbua macho.

"Subiri, kioo kina vumbi." Akakifuta kwa kiganja. "Mbili na nusu, kasoro kidogo."

"Rudia."

"Mbili na nusu, kasoro kidogo. Sasa mbona unalia? Ulitaka ngapi?"

Alilikumbatia jiwe na kwenda moja kwa moja hadi karakana ya mumewe. Alimkuta anachomelea dirisha, akamvuta shati mpaka akazima moto na kuvua miwani yake myeusi. Akamweleza habari ya jiwe, nyuzi na kiwiko.

Uso wa mume ukasawijika. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza mtoto?"

"Ni wewe, na mimi. Nililifunga bila kulipima."

"Na bado unacheka?"

Kweli alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka. Akachuchumaa mbele yake, akamweleza lile ambalo daktari alimwambia peke yake, kuhusu mfupa na picha ya kesho. Mume akamnyooshea mikono yake mikubwa. Mkewe akaishika yote miwili.

"Omba, mume wangu," alimwambia. "Omba iwe ni sisi."