Mama wa Kikapu wa Willard Kocher

Erma Trumbauer alishona kola za mashati miaka thelathini na mmoja hapa Nazareth, Pennsylvania, na kiwanda kilipofungwa vidole vyake vilikataa kustaafu. Ndipo akaanza kutengeneza watu.

Watu wenyewe hawakuzidi pingili moja ya kidole gumba. Kila nyumba mtaani kwetu ina sanduku darini, na ndani yake kijiji cha Krismasi: vijumba vya kadibodi walivyonunua wazazi wetu kabla ya Vita Kuu ya Pili, paa zake zimenyunyiziwa chengachenga za kumeta kama theluji. Vijumba vimedumu. Wakazi wake ndio waliotoweka. Panya wamewala, watoto wamewang'oa. Erma aliwarudisha mmoja mmoja, kwa waya, udongo na vipande vya karatasi laini.

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1979, nilikuwa jikoni kwake namenya matufaha, Willard Kocher wa kiwanda cha saruji alipobisha hodi. Alikikumbatia kijumba cha kadibodi kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Bi Erma, hapa mlangoni palikuwa na mama mwenye kikapu," alisema. "Koti jekundu. Naomba unitengenezee mwingine."

Erma alivaa miwani, akazitazama alama mbili za gundi kavu. "Nitamtengeneza. Mwenyewe kaenda wapi?"

Willard alinitupia jicho, kisha akaona kukaa kimya hakumsaidii. Alikuwa na miaka saba, alisema, alipomng'oa yule mama ili ampandishe kwenye gari lake la kuchezea. Akavunjika shingo. Willard akamtupa jikoni kwenye moto, na baba yao alipouliza, akamsingizia dada yake Beulah, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Beulah akakatazwa kugusa kijiji Krismasi ile nzima. Alikaa ngazini akiwatazama wenzake wakipanga.

"Sasa nataka nimpelekee, nimwambie nimemkuta chini ya sanduku," alisema Willard. "Kwa hiyo mchakaze kidogo. Na ule mwaka unaouandika chini ya miguu, usiuandike."

Erma alivua miwani. "Kumchovya kwenye chai aonekane mkuukuu kama nyumba yake, sawa, hiyo kazi yangu. Mwaka nitauandika."

"Ni tarakimu nne tu, mama!"

"Basi zisikukoseshe raha. Dada yako alishasingiziwa mara moja kwa ajili ya sanamu hii. Unataka umdanganye mara ya pili kwa kutumia mikono yangu?"

Willard alitoka bila kuaga. Lakini kijumba alikiacha mezani.

Erma alimshughulikia yule mama siku nne. Kikapu alikisuka kwa uzi wa kushonea vifungo, akatia ndani mayai matatu madogo kuliko mbegu za ufuta. Nilimwambia huenda mwenyewe hatarudi. "Atarudi," alijibu, huku akiandika 1979 kwa kalamu yenye ncha kama sindano.

Alirudi Alhamisi, akamgeuza yule mama, akausoma mwaka. Akashusha pumzi. "Bi Erma, twende wote basi. Peke yangu nitakimbia."

Beulah alikuwa akiishi mitaa miwili tu kutoka pale. Tulimkuta anatoa keki ya sukari kwenye jiko. Willard alisimama katikati ya jikoni, kofia mkononi, akaeleza yote kwa pumzi moja. Alipomaliza masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nilijua," alisema Beulah. "Nilikuona ukimtia motoni."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Baba angekuchapa. Niliona heri ninyimwe kijiji." Akaweka trei chini, na sauti ikapungua. "Lakini nilidhani utasema kesho yake. Halafu nikadhani Pasaka. Willard, miaka arobaini na minane! Hata konokono angeshafika."

Willard alicheka, kisha akajifuta macho kwa kofia. "Nisamehe, dada."

"Kaa ule." Alimchukua yule mama, akamsogeza dirishani. "Umekosea, lakini. Koti lake lilikuwa la bluu."

"Jekundu!"

"Bluu, we mtu! Nimemtazama pale mlangoni pake Krismasi ngapi?"

"Naweza kulipaka upya," alisema Erma.

"Usimguse," Beulah alisema upesi. "Huyu ni mwingine. Abaki na koti lake."

Desemba ilipoingia niliwaona wawili hao wakitoka msituni na ndoo ya kuvumwani, zile nyasi laini za kwenye mawe yenye unyevu, kwa ajili ya uwanja wa kijiji chao. Willard alikuwa akilalamikia magoti, na Beulah, mbele yake, anamwambia asimwage.