Koma Niliyoinyamazia

Kwa miaka mingi, mtu akifariki hapa Kanyangi, familia ilikuja kwangu niwaandikie wasifu wa marehemu kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, na kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyokubali.

Mama jirani yangu alipofariki, nilitoa karatasi nikangoja. Hakuna aliyekuja. Siku ya tatu nikasikia kazi amepewa mwalimu mpya wa shuleni kwetu, msichana niliyemfundisha mwenyewe darasa la saba. Chakula cha mchana sikukimaliza.

Jioni alikuja kwangu na karatasi yake.

"Mwalimu, nisomee tafadhali. Naogopa nimekosea mahali."

Nilisoma nikitafuta kosa, na kila mstari ukaniuma. Alikuwa ameandika jinsi yule mama alivyocheka peke yake akipura mbaazi. Mimi, jirani wa miaka ishirini, nisingeliwaza hilo.

Kisha nikaona: "her sons who cared for her," yaani wanawe waliomtunza. Baada ya sons hakukuwa na koma. Koma ikiwepo, maana yake ni kwamba wana wote watatu walimtunza mama yao. Isipokuwepo, wanaotajwa ni wale waliomtunza tu, na asiyemtunza ameachwa nje. Na kila mtu alijua kitinda mimba hakukanyaga nyumbani mama akiugua.

"Iko sawa," nikamwambia. "Peleka ichapishwe."

Siku ya mazishi, kitinda mimba alikuwa ameketi mbele na kijitabu mkononi. Wasifu uliposomwa ukafika mstari huo, akasimama.

"Mmeandika wana waliomtunza. Mimi nimeandikwa wapi?"

Akatoka hemani, akaingia shamba la mbaazi. Yule msichana akamkimbilia, akimwomba msamaha mbele ya watu wote. Hakusema kwamba mimi nilikuwa nimeisoma. Nikabaki nimekaa, uso ukiniwaka, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikawafuata.

"Hiyo koma niliiona," nikamwambia msichana.

"Uliiona lini, Mwalimu?"

"Ulipoketi kwangu."

"Si ungeniambia tu?"

"Walikuchagua wewe."

Nikamgeukia kijana, nikamwambia yule msichana hakukusudia kumtenga, na aliyejua kosa akanyamaza ni mimi. Kijana akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Hata mngeiweka hiyo koma, walimu," akasema, "mimi bado sikuja."

Tulirudi naye, na kaburini akatupa udongo pamoja na ndugu zake.

Yule msichana alinisamehe; hunisalimia kwa heshima ileile. Familia sasa huenda kwake. Wiki jana nilipita karibu na mlango wake nikaona viatu vya wageni waliofiwa vimepangwa nje. Niliharakisha nisisikie wanamwambia nini, na mpaka nafika kwangu, wivu ulikuwa bado umenishika.