Chombo Kitupu Kilichomeza Gesi

Jamani, chombo kilikuwa kitupu kabisa, halafu kikameza gesi mbele ya wageni!

Ngojeni niwape, na mtu asinikatize.

Tuyizere na Béata walifanya kazi labo moja, maabara ya hapa Rusizi, kila mmoja na mashine yake ya kupimia. Walichukua makapi ya mpunga wa Bugarama, wakayachoma yakawa mkaa wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Walitaka kujua mkaa ule unaikamata gesi ya hidrojeni kwa nguvu gani.

Unaupoza vikali, unaingiza gesi, unatazama presha. Ikishuka, mkaa umeshika. Unarudia kwenye baridi ya kiwango kingine, unalinganisha.

Sasa, nafasi ya chef wa labo, yaani mkuu wa wote, ilikuwa moja tu. Tuyizere aliitaka mpaka chakula hakishuki.

Jumatatu akapaka maji ya sabuni kwenye valvu ya mashine ya Béata. Mapovu yakafura. Gesi ilikuwa inavuja! Kumbe presha ilishuka kwa kuvuja, mkaa wala haukushika kitu cha maana.

Muungwana angesema. Yeye akafuta mapovu, akanyamaza.

Wiki ile yote Béata alishangilia vipimo vyake. Kila mchana aliletewa mtoto wake mchanga, akamnyonyesha palepale kando ya mashine.

"Dada, charbon yako, huu mukaa, iko na nguvu sana!" Tuyizere akamwambia.

"Asante, kaka yangu. Ni Mungu tu."

Shetani mkubwa huyu!

Ijumaa wageni wakaja na Maman Bernadette, mkurugenzi. Béata akaeleza kazi yake, anang'aa kwa furaha. Tuyizere akainua mkono.

"Maman, tutoe kwanza ule mukaa. Tupime chombo bila kitu."

Wakapima. Presha ikashuka vilevile.

Mgeni mmoja akacheka kwa sauti. Béata akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye blauzi. Na Tuyizere, nawaambia, aliona raha.

"Inavuja kwa valvu," akatamba. "Mimi nilijua tangu Jumatatu."

Maman Bernadette akamgeukia.

"Tangu Jumatatu?"

"Ndiyo, Maman. Nilipima na sabuni."

"Hidrojeni inavuja, cheche moja tu, batu bote banakufa. Na mutoto wa Béata ulikuwa unamuona ananyonya humu kila siku?"

Mdomo uliponza kichwa.

"Toka. Usirudi hapa tena."

Akamkuta Béata uani, anamfunga mtoto mgongoni.

"Unisamehe, Béata. Nilikuwa nataka ile kazi."

Béata hakumtazama hata kidogo.

"Mimi niko nahamia Kigali na bwana yangu. Jana nilimuambia Maman ile kazi akupe wewe."

Akaenda zake.

Ndugu zangu, ukiona hatari kwa mwenzako, sema siku ileile. Ukisubiri aanguke ndipo ucheke, unaweza kumwangusha mtu pekee aliyekuwa anakusemea vizuri.