Niliupa sifuri mkuki wa Mzee Zakaria kwa wino mwekundu

Wakuu, heshima zenu. Uzi wa silaha za jadi tangu jana umegeuka uwanja wa matusi, na mimi nimo. Kabla mods hawajaufunga nipeni dakika mbili. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibondo. Tulikuwa watu kama sita tunaohifadhi mikuki, pinde na mapanga ya wazee wetu. Tunakaa mbalimbali, simu hakuna.

Forum yetu ilikuwa daftari.

Lilining'inia kwa kamba dukani kwa Mzee Salumu, muuza vitambaa. Siku ya soko ukija unachora silaha yako, unaandika habari zake, wengine wanachangia chini. Hata like zilikuwepo, alama ya vema. Hiyo niliileta mimi.

Siku moja Mzee Zakaria, mkulima wa Kumsenga ambaye familia yake ilitoka Burundi, alileta mkuki, akauchora na kuandika: "Mkuki wa zamani, wa baba yangu."

Nikaukagua. Chuma kile ni springi ya lori, wala hakijifichi. Nikatoa peni ya kusahihishia, nikaandika: "Uongo. Springi ya lori. 0/10." Nikaenda zangu najiona bingwa.

Masoko matatu Zakaria hakuonekana. Wengine nao wakaacha kuandika, wanaogopa peni yangu.

Mzee Salumu akanisogezea daftari. "Mwalimu, kurasa nyeupe hizi. Umeliua wewe, kalifufue."

Iliniuma sana. Ile siku ya soko ndiyo ilikuwa raha yangu ya wiki nzima.

Nikapanda baiskeli hadi Kumsenga, nimebeba daftari na kilo ya sukari. Zakaria alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nikaomba radhi, akacheka.

"Ego, ndiyo mwalimu, ni springi kweli," akasema. "Mkuki wa ukoo ulibaki kule Burundi tulikokimbia. Tulipofika hapa baba akaokota springi, akafua mwingine kwa kuukumbuka ule. Mimi ndiye nilikuwa navukuta moto. Ungeniuliza ningekwambia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Chuma nilikijua, mkuki sikuujua.

Akaomba daftari. Chini ya sifuri yangu akaandika kwa penseli: "Mwalimu kapata swali la kwanza, la chuma. Aendelee kuuliza."

Tangu hapo tukawa na sheria moja tu: hukosoi kabla hujauliza. Ubishi ulibaki, tena mkali, ila watu walirudi na daftari likajaa, tukaanza jingine.

Sasa wakuu, somo hilo nililipata kwa baiskeli na jana nimelisahau nikiwa nimekaa kwenye kochi. Karibuni mchangie, mnipondeponde mkitaka, ila anzeni na swali.

Naanza mimi. Mkuu uliyeweka picha ya upinde wa Nyakitonto, ile komenti yangu ya "feki" nimeifuta. Kamba naona ni ya nailoni.

Aliifunga nani?