Kiwi Nyeupe Kwenye Kioo cha Kubena

Wendell Kubena alikuwa na sharti moja: hatabiri kwa moyo, anatabiri kwa macho. Kila Alhamisi ya msimu alisimama mbele ya duka lake la matairi, akachovya sponji kwenye kiwi nyeupe ya viatu na kuandika kiooni matokeo ya mechi inayokuja ya futiboli ya Kimarekani. Akiona vijana wa shule ya mji wao, Halvern, watashindwa, aliandika hivyo. Mji ulinuna, lakini haukumwita mwongo.

Mwaka ule Halvern walifika fainali ya jimbo la Texas. Jumatano Kubena alitazama mazoezi, akamwona Cody Janacek, mrushaji wao mkuu wa mpira, akivalishwa kofia ngumu ya mchezo na mwenzake. Mkono wa kulia haukuinuka.

Kesho yake akaandika: Halvern 10, Brackley 31. Rangi haijakauka, Royce Tidwell, mwenyekiti wa mashabiki, akashuka kwenye pikapu yake.

“Kubena, umerukwa na akili? Basi la vijana litapita hapa!”

“Bega la Cody limekwisha, Royce. Nimeliona.”

“Tangu lini fundi matairi akapima mabega? Futa hiyo nuksi!”

Watu wakajaa. Mmoja akamuuliza kama kahamia Brackley. Hata mkewe, Darlene, utepe wa timu kifuani, akamnong'oneza, “Wen, si maandishi tu? Waache wafurahi.”

Maandishi tu! Kubena akachukua kitambaa, akafuta, akaandika Halvern 24, Brackley 21. Wakampigia honi kama bwana harusi.

Hazijapoa honi hizo, akaingia dukani Lorene, mama yake Cody.

“Mzee Kubena, nilikuwa nimeshaamua hachezi. Kocha kaniambia niache woga, nami simwamini. Lakini wewe hujatudanganya hata siku moja. Ukiandika tunashinda, ina maana bega umeliona ni zima, sivyo?”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Tidwell alikuwa kwenye birika la kahawa mle dukani, anamkodolea macho.

“Atacheza vizuri tu,” Kubena akasema.

“Mungu akubariki.” Akaenda kutia sahihi ya ruhusa.

Mji mzima wa watu wazima, wenye watoto wao wa kuwazaa, walitaka kombe kuliko mtoto wa mwenzao. Na mtu pekee ambaye neno lake lingemzuia mama yule aliliuza kwa honi za magari. Jumamosi, katika robo ya pili, mlinzi wa Brackley alimwangusha Cody juu ya bega lile. Kilio chake kilisikika hadi viti vya juu. Halvern walishindwa 38 kwa 7.

“Bahati mbaya,” alisema Tidwell Jumatatu, kikombe mkononi.

“Bahati gani?” Kubena akafoka. “Tulijua! Wewe ulijua, mimi nilijua!”

Tidwell akaangalia pembeni, akaomba sukari.

Cody alipasuliwa mara mbili. Leo ni mtu mzima, na mkono wake wa kulia hauinuki kupita kifua.